Gari la kukodi Unguja: tazama mwezi kabla ya kutazama bei

Swali: Assalaam alaikum. Tunatoka Dar, tunakuja Unguja mwezi wa Juni shule zikifungwa: mimi, mume wangu, watoto watatu (miaka 11, 8 na 3) na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua. Tunashuka bandarini Ijumaa, tunalala Mji Mkongwe usiku mbili, mtaa wa Kiponda, kisha Paje usiku nne, halafu mjini usiku mmoja, na Ijumaa inayofuata tunapanda boti kurudi. Mume wangu anataka tukodi RAV4 wiki nzima. Ametajiwa 90,000 kwa siku, na Noah ni 110,000. Hoteli ya Paje inatutoza 100,000 kutuchukua kutoka mjini na kiasi hicho hicho kuturudisha. Noah yenye dereva na mafuta yake wanasema 150,000 kutwa. Mama mkwe anataka kumzuru rafiki yake wa zamani Makunduchi. Mume ana hamu ya kuendesha, mimi naogopa pesa. Tukodi au tusikodi? Na tukitaka kuongeza Pemba siku mbili? (Rukia, Tabata)

Jibu: Waalaikum salaam, dada Rukia.

Gari la wiki nzima msikodi. Nalisema mapema ili shemeji asiendelee kusoma akiwa na tamaa. Kukodi kwa siku chache, au kuchukua Noah na dereva wake kwa siku mbili, hapo pana maana, na ipi kati ya hizo mbili iwafae haitegemei sana bei mlizotajiwa. Inategemea mwezi wa angani utakuwa na siku ngapi mkiwa Paje, na nani atashika usukani jua likishazama.

RAV4 tuiweke kando kabisa. Zinazokodishwa huku kwa kawaida zina viti vitano, nanyi mko sita. Najua watu watasema mdogo atapakatwa na bibi yake. Mtoto wa miaka mitatu aliyepakatwa hana mkanda, gari likifunga breki ghafla anaruka yeye mbele, na askari wa barabarani akiwasimamisha hamna la kumwambia. Isitoshe, mizigo ya watu sita itakaa wapi? Kwenu nyinyi ni Noah au gari jengine la viti saba na zaidi. Hata kiti cha mtoto, kama mnacho nyumbani, kileteni. Wakodishaji wachache sana wanacho, na wakiwa nacho mara nyingi hakina mikanda kamili.

Sasa mji. Kiponda gari haliingii. Vichochoro vya mtaa ule ni vya miguu, baskeli, na vespa ya mwenye haraka zake. Gari linaishia barabara ya Mizingani au upande wa Darajani, na kutoka hapo mnatembea. Kwa hiyo mkilipokea gari bandarini Ijumaa, kazi ya kwanza ni kulitafutia pahala pa kulala, na kazi ya pili ni kwenda kulitazama kama lipo. Kando ya Forodhani jioni hapana nafasi, kwani mji mzima unakuja kula pale. Malindi utapata, lakini utapata pia vijana wa kukuelekeza namna ya kupaki, ambao hukuwaita na ambao watakungoja urudi.

Kwani kutoka bandarini hadi Kiponda ni mwendo gani? Dakika chache kwa miguu. Mwambieni hoteli akupelekeeni hamali na mkokoteni getini, mizigo iende nao, nyinyi mfuate nyuma. Mama mkwe mchukulieni teksi au bajaji hadi pahala pa karibu zaidi na hoteli, abakie na hatua chache. Na hapa nikuulize jambo lililonishughulisha kuliko gari: chumba chenu kiko ghorofa ya ngapi? Nyumba za Mji Mkongwe zina ngazi za mbao au za mawe zilizosimama wima, na hoteli nyingi hazina lifti. Mwenye magoti mabovu akipewa chumba cha juu kabisa kwa ajili ya mandhari, mandhari hiyo ataiona mara moja tu. Pigeni simu leo muombe chumba cha chini. Kama hakipo, badilisheni hoteli, mtafute iliyo ukingoni mwa barabara, Shangani au Mizingani, gari lifike mlangoni.

Yale ambayo familia huyafanya mjini kwa siku mbili hayataki gari. Soko la Darajani, kanisa la Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa, ngome kongwe, Forodhani usiku, vyote ni vya miguu. Kisiwa cha Changuu, watoto wakaone kobe wakubwa, mnakwenda kwa boti. Shamba la viungo Kizimbani pamoja na hamamu za Kidichi ni safari ya nusu siku, na teksi ya kukubaliana bei inatosha. Mtu anayeendesha mwenyewe mjini anachokipata ni foleni ya Darajani na ya Mwanakwerekwe, na Ijumaa mchana, watu wakienda na kutoka msikitini, ataona barabara za karibu na misikiti zimejaa magari hadi katikati. Siku tatu hizo za mjini, yaani Ijumaa, Jumamosi na Alkhamisi, zinawagharimu 330,000 kwa Noah iliyosimama.

Nije Paje, ambako ndiko penye swali lenyewe.

Pwani ya mashariki ya Unguja ina mwamba mbali baharini, na kati ya mwamba na ufukwe maji ni haba. Yakipwa, yanapwa kweli: bahari inarudi nyuma hadi mtu unatembea muda mrefu kabla hayajakufika kiunoni, na wanawake wa Paje na Jambiani wanakwenda kwenye mashamba yao ya mwani kwa miguu. Nungwi na Kendwa kule kaskazini hayakimbii hivyo, ndiyo maana wengi wanapapenda. Lakini nyinyi mmeshachagua Paje, na Paje ni pazuri, ila lazima muishi kwa saa za maji.

Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, huku kwetu maji hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi na kujaa saa kumi au saa kumi na moja alasiri. Maana yake asubuhi yote watoto hawana bahari, wana mchanga na vidimbwi. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa na siku 8 au 9 hivi na tena siku 23 hivi, mambo hugeuka. Maji yanajaa asubuhi, yanapwa alasiri, na hata yakipwa hayaendi mbali sana. Kila siku saa zinasogea mbele kwa karibu dakika 50, kwa hiyo ukijua siku moja unaweza kuzihesabu nyengine. Majedwali ya maji ya bandari ya Zanzibar yanapatikana kwenye simu. Asiyetaka jedwali achukue kalenda yenye tarehe za Kiislamu, inatosha.

Sasa tazama hilo linavyoamua habari ya gari. Siku zenu nne za Paje zikiangukia bamvua, asubuhi zote ziko wazi kwa kutembea: mnatoka saa mbili, mnazunguka, saa nane mmerudi na bahari inakujieni. Gari linapata kazi bila kuiba muda wa kuogelea. Zikiangukia maji mafu, watoto wataamka, wataona maji yako mlangoni, na hakuna baba atakayewapakia garini kwenda kuona kima punju, wale kima wekundu wa msitu wa Jozani. Hapo gari la siku nne litakaa chini ya mnazi likila chumvi, nanyi mkililipia. (Chini ya mnazi, kwa njia, msilipaki. Nazi haina adabu na kioo cha mbele.)

Juni ni wakati wa kusi. Upepo huo wa kusini unapiga pwani hiyo na Paje hujaa watu wa tiara za kuteleza juu ya maji. Kwa watoto chagueni pahala mbali na tiara hizo, ufukwe ni mrefu. Sitaki mkodi gari kwa hofu ya upepo, maana wapo wanaofanya hivyo, wakaendesha kutoka Paje hadi Nungwi kutafuta maji matulivu. Ni karibu saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Kama bahari ya kuogelea kutwa ndiyo haja yenu kubwa, hamisheni usiku mbili mlale kaskazini.

Tuje kwenye pesa, kwani ndizo zilizokutia hofu.

Mpango wa shemeji, Noah wiki nzima, ni 770,000. Ongeza mafuta. Kwa safari mnazozitaka mtatembea kilomita 250 hivi, Noah ikila lita moja kwa kilomita kumi ni lita 25, na ukikadiria 3,000 kwa lita ni 75,000. Bei ya mafuta huku hutangazwa na ZURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za maji na nishati Zanzibar, kila mwezi, kwa hiyo hesabu ya Juni mtairekebisha wenyewe. Jumla 845,000.

Mpango wa pili ni kuikodi Noah siku za Paje tu: mnaipokea mjini Jumapili asubuhi, mnairudisha Alkhamisi asubuhi. Hizo ni siku nne za saa 24, 440,000, na mafuta yale yale, 515,000. Hapa ulizeni vizuri, kwani wapo wanaohesabu siku kwa kalenda, na kwao Jumapili hadi Alkhamisi ni siku tano.

Mpango wa tatu, ninaoupenda mimi, hauna gari la kukodi. Jumapili msichukue gari la hoteli la 100,000 la kuwafikisha tu. Chukueni Noah ya kutwa ya 150,000, mtoke mjini asubuhi, mpite Jozani njiani, mle, mfike Paje alasiri. Yaani kwa elfu hamsini zaidi safari ya kuhamia imekuwa matembezi. Siku moja katikati chukueni tena Noah ya kutwa kwa ajili ya Makunduchi na kusini. Alkhamisi gari la hoteli liwarudishe. Ni 400,000. Wekeni elfu hamsini za teksi ndogo ndogo, ikawa 450,000.

Kati ya mpango wa pili na wa tatu tofauti ni 65,000. Kwa familia ya watu sita wanaolala hoteli usiku saba, kiasi hicho hakitoshi kuamulia jambo. Kwa hiyo, dada, hofu yako ya pesa inahusu mpango wa kwanza tu. Hii miwili iliyobaki muiamue kwa mambo mengine.

Na jambo kubwa ni usukani. Shemeji ana hamu ya kuendesha, na simkatalii. Barabara kuu za Unguja ni za lami, tunaendesha kushoto kama bara, na mtu aliyezoea Mandela na Morogoro Road hatashindwa na njia ya Tunguu. Mchana ni raha. Ugumu ni usiku. Juni jua linazama saa kumi na mbili na robo hivi. Ukitoka kijijini barabara haina taa, wapita njia wamevaa nguo za giza, baskeli hazina taa, ng'ombe anavuka kwa wakati wake, na matuta mengi hayana rangi. Tuta la usiku usilolijua unaliona likiwa chini ya gari. Watu wanaoishi hapa wanajua kila tuta lilipo kama wanavyojua vyumba vya nyumba zao. Mgeni analijua moja moja, kila moja kwa maumivu.

Wengi huniambia, sisi usiku hatutaendesha. Halafu wanakwenda Michamvi Kae, kwa sababu ndiyo pahala pa upande ule panapotazama magharibi na jua linazamia baharini, na likishazama wako kilomita nyingi kutoka hotelini, giza limeingia, watoto wamelala. Jua la Kae ni zuri, nendeni. Lakini nendeni na teksi ya Paje na mkubaliane iwangoje. Hata shemeji akiwa na gari lake la kukodi, jioni hiyo aliache.

Jambo la pili kuhusu usukani ni kwamba anayeendesha haoni. Mkipita msitu wa Jozani, ambapo yaliwekwa matuta kwa sababu magari yalikuwa yakiwaua kima punju wanaovuka barabara, nyinyi wote mtakuwa madirishani mkitazama juu, yeye atakuwa anatazama tuta. Mwenye kupenda kuendesha hilo halimuudhi. Mwenye kudhani anapenda, ambaye wiki nzima nyengine yuko kwenye foleni ya Buguruni, huchoka siku ya pili na kuanza kuwagombeza watoto. Wewe unamjua ni yupi.

Dereva naye ana taabu zake, nisikufiche. Kubalianeni kabla hamjapanda: mnatoka saa ngapi, mnarudi saa ngapi, mnapita wapi, kungoja kumo ndani ya bei au hakumo, na chakula chake ni juu ya nani. Wapo wanaopewa kitu kidogo na mikahawa na maduka kwa kila mgeni wanayemleta, basi utashangaa kila duka zuri liko njiani mwenu. Dereva akisisitiza mara mbili mkale pahala fulani, mwambieni kwa upole mmebeba chakula. Na anayekimbiza gari aambiwe mara ya kwanza, si ya tatu. Mama mkwe ndiye wa kumwambia. Akisema yeye, hakuna kijana wa Kizanzibari atakayebishana na mtu mzima.

Tuseme basi shemeji ameshinda, mnakodi siku nne. Yapo mambo ya kufanya kabla pesa hazijatoka.

La mwanzo ni karatasi. Mtumieni mwenye gari picha ya leseni ya shemeji siku kadhaa kabla, mumuulize kama inatosha peke yake au anahitaji kibali, na kama kibali kinahitajika akitoe yeye polisi na kiwe tayari mnapofika. Mgeni wa kutoka nje ya nchi kwa kawaida huulizwa leseni ya kimataifa au kibali cha muda cha Zanzibar. Wa bara asikubali jibu la "haina neno". Barabara za kutoka mjini zina vituo vya polisi, mtasimamishwa, na anayesimamishwa ni dereva, si mwenye gari. Salamu kwanza, haraka baadaye. Kama kuna kosa la kweli na faini, faini ina risiti.

La pili ni bima. Ulizeni ni bima kubwa au ni ile ya kumlipa mtu wa tatu tu, na gari likipata ajali ninyi mnalipa kiasi gani kwanza kabla ya bima kuingia. Swali kubwa kuliko hilo: bima hiyo imekatwa kwa gari la kukodisha, au ni gari la mtu binafsi? Mtakutana na vijana wenye magari ya ndugu zao kwa bei ya kuvutia, elfu sitini, elfu sabini. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likikodishwa na kugonga, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Nafuu ile mnaweza kuilipa kwa miaka. Jina lililo kwenye karatasi za gari lifanane na la mliyeandikiana naye, au awe na barua ya kumruhusu.

Kisha gari lenyewe. Lizungukeni na simu mkirekodi video, mchana, mwenyewe akiwepo: kila mkwaruzo, vioo, rimu, ndani, na kipimo cha mafuta. Fungueni nyuma muone tairi la akiba lina upepo, jeki ipo, spana yake ipo, pembetatu zipo, kizima moto kipo. Njia za kuingia baadhi ya hoteli za pwani ni za mawe ya mwamba, na pancha si jambo la ajabu. Washeni taa zote, hata kama mmeapa kutoendesha usiku. Amana msiache kitambulisho halisi wala pasi. Acheni pesa mkaandikiana, au nakala. Jazeni mafuta mjini, kwani sheli nyingi ziko huko na pembezoni mwake. Na gari lisishuke ufukweni hata kama kuna alama za magurudumu ya wenzenu. Mchanga mkavu unalimeza, maji ya chumvi yanaliozesha, na mwenyewe akiona mchanga mbichi chini ya gari hasemi asante.

Nani basi ninamwambia akodi wiki nzima? Mtu anayehama hoteli kila usiku mbili. Mwenye jamaa Donge, Mkwajuni na Makunduchi ambaye kila siku ana nyumba ya kwenda kuhani au kupongeza. Mpiga picha anayetoka alfajiri. Wawili wasio na watoto, wenye gari dogo la bei nafuu. Nyinyi hamumo.

Kuhusu kuleta gari lenu wenyewe kutoka Dar, kama shemeji amelifikiria: boti za mwendo wa kasi hazichukui magari, ziko meli zinazochukua, na gari la namba za bara lina makaratasi yake ya forodha. Kwa mtu anayehamia ni sawa. Kwa wiki moja, siku ya kulitoa bandarini mtakuwa mmeipoteza.

Siku ya kusini ipangeni hivi. Tokeni Paje asubuhi, mpite Jambiani, mfike Makunduchi. Kwa rafiki wa mama mkwe msipange saa moja. Makunduchi hakuna mgeni anayetoka hajala, na wazee wawili ambao hawajaonana miaka mingi hawana saa. Mkiwa na dereva mwambieni tangu jana yake kuwa pahala hapa mtakaa. Naye atawekewa sahani, hatalalamika. Wakati wazee wanazungumza, wengine mwende Kizimkazi, si mbali. Watu watawavuta kwenye pomboo. Mimi siwapeleki watoto wadogo kule, boti zinawakimbiza wanyama na bahari ya kusi ina mawimbi. Nendeni Dimbani mkaone msikiti, ambao kibla chake kina maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Vaeni kwa heshima, mvue viatu, muombe ruhusa, na mtoe chochote kwa mtunzaji. Mrudi kumchukua mama, mpite Muyuni na Kitogani, na kama Jumapili hamkuona kima vya kutosha Jozani iko pale pale. Mzunguko wote unaisha kwa siku moja, wala hauna haja ya usiku.

Ndani ya Paje hamhitaji chochote. Ufukwe ni barabara, baskeli zinakodishwa, na gari za abiria za Jambiani, namba 309, zinapita kwenye kipilefti cha Paje kwenda mjini kwa yule anayetaka kufuata kitu sokoni. Mpandisheni mtoto mkubwa mara moja, ataihadithia shuleni safari hiyo kuliko ya Noah.

Pemba siku mbili ndani ya wiki hii, hapana. Mtakula siku moja kwenda na kurudi, na mama mkwe atapanda na kushuka vyombo mara nne zaidi. Ipeni safari yake. Mkiipa, jibu langu la gari linageuka: Pemba ni vilima na kona, hoteli za ufukweni ni chache na ziko mbali mbali, teksi hazijazagaa. Vumawimbi, ufukwe ambao ndio utawatoa huku, uko kaskazini nyuma ya msitu wa Ngezi. Gari za abiria zinaishia Konde. Kutoka hapo mnahitaji gari lenu wenyewe, na mlipange tangu mkiwa mjini Chake Chake, lenye dereva wa Pemba, pamoja na saa ya kuja kuwachukua.